Bahasha ya Sitini na Tatu

Saa moja jioni tukaufunga mlango wa shule ya Harmecourt,
tukalimwaga sanduku la kioo juu ya meza za watoto,
meza fupi, magoti yetu yakigonga mbao.
Mimi nilipangiwa kufungua bahasha.
Bi Ghislaine asome jina kwa sauti,
Thibault na binti wa mwenye gereji waandike vijiti.

Nyuma ya kiti changu, amesimama tangu asubuhi
kaka yangu Régis, mikono kifuani,
kalamu yake mwenyewe mfukoni,
maana amesikia wino wa serikali hufutika ukilala.
"Wataiba," alisema tulipokuwa tukila mchana.
"Nani?" nikamwuliza. "Mimi?"
Akakata jibini. Hakunijibu.

Majina ni mawili.
La kwanza la bwana aliyetuandikia barua
yenye michoro ya rangi nne, mistari yote ikipanda.
Tuliitafuta Harmecourt ndani ya mistari ile:
wodi ya wazazi iliyofungwa mwezi wa tatu,
treni inayopita sasa bila kupunguza mwendo,
mwokaji aliyekufa, pakawekwa mashine ya mikate
inayomeza sarafu na kusema asante.
Hatukujiona.
Labda tulikuwa chini ya karatasi, pale wino ulipokwisha.

La pili la bibi aliyekuja mwenyewe.
Sikatai, alikuja.
Alipanda tela la viazi, matope hadi kwenye vifundo,
akala chipsi kwa vidole, akasema: "Mimi ni nyinyi."
Régis alilia. Sijamwona akilia
tangu walipozima tanuri la kiwanda cha vigae.
Kisha bibi akaanza kuwataja walioila riziki yetu,
mmoja mmoja, na alipofika kwa wageni
niliona vichwa vikigeuka kumtafuta Idir,
dereva wa gari la wagonjwa, aliyembeba mama yetu
usiku wa barafu, kilomita arobaini na moja
hadi hospitali iliyobaki.
Idir alitazama viatu vyake.
Mvua ikaanza. Gari jeusi likamchukua bibi.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, hilo nalijua.
Lakini hii ya karibu, nikiitazama mkononi mwake,
mbona inajikunja?

Basi nafungua. Bi Ghislaine anasoma.
La bibi. La bibi. La bwana. La bibi.
Moja tupu. Moja imeandikwa tusi,
analisoma kimoyomoyo, midomo ikimcheza.

Ya sitini na tatu haina jina.
Ina tiketi ya treni, ya kwenda tu,
tarehe ni ya siku treni iliposimama hapa mara ya mwisho,
na nyuma yake, kwa penseli: Nasubiri.

Mwandiko naujua.
N yenye mguu mrefu, i yenye nukta iliyokaa pembeni;
niliinakili kwenye ubao huu huu nikiwa na miaka sita.
Ni mwandiko wa Bi Ghislaine.
Ila Bi Ghislaine alitufundisha sote,
nusu ya mji inaandika hivyo.
Mimi naandika hivyo.
Régis akainama juu ya bega langu, akasoma, akanyooka,
koo likapanda na kushuka.
"Imeharibika," akasema Bi Ghislaine, kwa sauti ya kusahihisha hesabu.
Tukaitia saini, wanne, kama sheria inavyotaka,
tukaibana kwenye faili kwa kibanio.

Mia mbili thelathini na moja, bibi.
Mia moja themanini na nane, bwana.
Zilizoharibika na tupu, ishirini.

Nje wachache walipiga honi. Mashine ya mikate iliunguruma.
Régis alinisaidia kurudisha viti.
"Umehesabu sawasawa?"
"Mmeshinda, Régis."
"Najua. Lakini umehesabu sawasawa?"

Saa nne na dakika sita treni ikapita,
madirisha ya darasa yakatetemeka.
Wote tuliokuwemo, wa bwana na wa bibi,
tukageuza vichwa.