Hasi Nusu Mita

Aprili, Mariehamn. Barafu imeondoka ghubani juzi,
Ejdern imeshushwa majini leo asubuhi
na rangi ya mkuku bado inanuka.
Gunnevi ananipa kahawa, kisha ananipa kisanduku cha viatu:
plagi. Za pini tano, za pini sita, za mviringo, za pembe,
na moja yenye jino dogo la plastiki
ambalo kazi yake ni kukataa.

"Birger alinunua palipokuwa na punguzo," anasema.
Kipima kina cha chapa hii, ramani ya chapa ile,
kipima upepo cha kampuni iliyokwisha kuuzwa mara mbili.
Ndoa ya mitala ndani ya futi ishirini na saba,
wake watatu hawasemezani.

Kule Turku dukani walimwambia ng'oa vyote,
chukua vya ukoo mmoja. Euro elfu nne na mia sita.
Alimshukuru yule kijana, akarudi na feri ya jioni.

Mimi nimechuna nyaya miaka thelathini.
Nashika koleo. Jino lile nalikata kwanza, kwa raha zangu.
Chini ya ngozi ya kila chapa
kuna nyaya mbili, wa kahawia na mweupe,
na ndani yake lugha kuukuu, ya polepole,
herufi mia nne na themanini kwa sekunde,
ambayo wote walifundishwa utotoni
kabla ya kufundishwa kuringa.

Mara ya kwanza: takataka. Alama za kuuliza, vijiti, herufi zilizolewa.
Gunnevi ananitazama kama atazamaye keki iliyodidimia.
Nageuza nyaya, wa kushoto kulia.
Kompyuta yangu inaanza kuandika, mstari, mstari, mstari:
alama ya dola, herufi tano, koma,
2.3
koma
-0.5
nyota, halafu tarakimu mbili za kuapa
kwamba njiani halikupotea neno.

"Nisomee."
Kina, mita mbili na sentimita thelathini.
"Na hiyo nusu?"
Hiyo ni kutoka jicho la kipima hadi chini ya mkuku.
Mtu huiingiza kwa mkono mara moja, kisha husahau.

Anatanua vidole hewani, gumba na kidogo.
"Mkuku wake ni shubiri. Shubiri moja tu, nimeupaka rangi mwenyewe."

Tunanyamaza. Maji yanagonga ubavuni.
Miaka kumi na tisa ya hapa hatupiti, Gunnevi, tuzunguke;
wakazunguka miamba ambayo ingewapisha,
wakachelewa chakula,
wakagombana hadi Kökar, na kurudi.
"Kumbe alikuwa anaongeza," anasema.

Upepo umenishinda. Ule waya unasema kwa fumbo
na ufunguo umefungiwa ofisini kwa watu nisiowajua.
Gunnevi anafunga uzi wa sufi nyekundu kwenye kamba ya mlingoti.
"Huu haumfichi mtu."

Ramani sasa inaonyesha 1.8.
Nusu ile naweza kuisahihisha, namwambia,
ni kubonyeza mara tatu.
Anarudisha kifuniko juu ya kisanduku cha viatu,
anakigandamiza pembe moja moja.

"Iache," anasema.
"Naona na ramani imeanza kumsikia."