Fimbo Kwenye Lundo

Lugwisha hulipwa mara mbili kwa uchafu uleule:
buku na wauza ndizi wa Kirumba, auondoe,
buku na mimi huku Kiloleli, aulete.
Hacheki mbele yangu. Hucheka akishafika kona,
nasikia mkokoteni unavyoyumba.

Nami napanga.
Maganda, mabua makavu,
dagaa waliokanyagwa Mwaloni,
magugu maji niliyoyaanika juu ya jiwe siku nne,
yale yale yaliyofunga njia ya mitumbwi,
leo yamelala kama mkeka.
Majivu kiganja. Udongo wa zamani kidogo, kama hamira.
Maji. Halafu fimbo,
mpaka tumboni mwa lundo.

Asubuhi ya tatu nikaichomoa, nikaishika,
nikaiachia. Inaunguza!
Mama Sundi akachungulia juu ya ukuta wa mawe:
"Mwenzetu, unapika nini kisichoiva?"

Kinaiva, jirani. Kinataka pumzi tu.
Taka zikilazwa kifudifudi dampo, tabaka juu ya tabaka,
hukosa hewa, huvimba, hutoa gesi isiyoonekana
inayopanda kulifunika anga blanketi
ambalo hakuna aliyeliomba.
Bwana shamba ndiye aliyeniambia,
nami nilimwamini kwa sababu ya vuli:
mwaka juzi ilikuja Oktoba,
mwaka jana ikaja Desemba, ikashuka yote siku moja,
ikabeba matuta yangu ya mchicha hadi ziwani,
na ndoo,
na kandambili ya kushoto.

Kwa hiyo nageuza. Kila Jumamosi, kwa uma wa mpini uliofungwa waya,
chini juu, juu chini, mvuke ukinipanda usoni.
Sidai kwamba naipoza dunia.
Lundo langu lina upana wa kitanda.
Anga sijui upana wake.

Wiki ya tisa harufu ya dagaa ilikwisha,
ikabaki ile ya mvua kabla ya mvua.
Nikajaza kiganja: mweusi, mwepesi,
na ndani yake kipande cha mfuko wa plastiki,
ule uliopigwa marufuku, bado haujapata habari.
Nikautoa kama mwiba.

Jana Lugwisha alishusha mzigo, hakuondoka.
Alisimama kwenye nyanya, akaigusa moja kwa kidole,
akauliza bei.
"Hiyo ulishalipwa mara mbili," nikamwambia. "Chuma."
Akachuma mbili.
Moja akaila palepale, maji yakimchirizika kidevuni,
ya pili akaifunga kwenye pindo la shati.
Kisha akanyoosha mkono kuelekea lundoni:
"Hebu na mimi niishike hiyo fimbo."