Mwonekano: Mita Hamsini

Kila baada ya saa tatu, kwenye rasi ya kaskazini mwa Aislandi,
Steinvör hutoka nje, hutazama vigingi,
kisha hujaza fomu ya hali ya hewa:
upepo, joto, mawingu,
na mwisho skyggni, mwonekano,
yaani leo macho yanafika wapi.

Neno hilohilo, kwa herufi zilezile,
ni ukingo wa kofia ya marehemu babu yake
inayoning'inia nyuma ya mlango.
Na hilohilo tena, likitamkwa kwa sauti ya chini,
ndicho kipaji cha bibi yake.

Maana Guðfinna aliona.
Julai moja, nyasi zinakatwa, jua limekataa kuzama,
alimfungulia mlango Ketill wa shamba la pili
akamkuta ana theluji mabegani.
Hakupiga ukunga. Alimkung'uta kwa kiganja,
akamtilia kahawa, akazidisha sukari.
"Unanikung'uta nini, mama?"
"Nyasi," akasema.
Oktoba Ketill aliwafuata kondoo mlimani.
Kondoo walirudi.

Mwaka wa pili akaja bwana wa kamusi,
kalamu tatu mfukoni, viatu vya mjini,
akauliza asili ya neno na akajijibu mwenyewe:
jamaa yake ni skuggi, kivuli,
na nyuma ya kivuli kuna kitenzi kikongwe,
kuangalia, kuchungulia, ku—
Bibi akamkatiza.
"Ukitaka kuona mbali juani, mkono unauweka wapi?"
Bwana akauinua juu ya nyusi.
"Basi. Wangu umekwama hapo."

Leo ukungu umeshuka hadi kizingitini.
Kigingi cha kwanza kipo. Cha pili hakipo.
Steinvör anakadiria: mita hamsini.
Ila kule, ng'ambo ya vigingi vyote,
ambako jicho halina ruhusa,
anamwona mwanawe, yule aliye bwenini Akureyri,
yule wa miaka kumi na minne,
mzee, mvi tele, kiatu kimoja mkononi,
anacheka mpaka anashika ukuta.

Kumbe hata hili huonekana.
Hakuna aliyewahi kumwambia.

Fomu ina kisanduku kimoja tu.
Kahawa inapoa. Anaandika: 50.
Halafu, kabla hajatuma,
anaitungua ile kofia mlangoni,
anaivaa humo ndani pasipo jua,
anashusha ukingo hadi kwenye nyusi
na kurudi dirishani.