Saa Tano na Dakika Kumi

"Chora uso wa saa," namwambia, "utie namba zote."
Bi Syombua anaishika penseli kama sindano ya kushonea magunia.
Nje, hapa Upper Hill, mashine inatwanga msingi wa ghorofa jingine
na kikombe changu kinatetemeka kwenye kisahani.

Duara linatoka, limebonyea upande wa kushoto,
ambako jicho lake, tangu Februari, haliendi bila kusihiwa.
Kumi na mbili juu. Sita chini. Hakuna iliyopotea.
"Sasa mishale. Iwe saa tano na dakika kumi."

Mshale mfupi anaupeleka kwenye tano.

Kijitabu kilichotoka ng'ambo kinajua la kufanya:
sifuri, kisanduku cha tatu.
Kalamu yangu inasita.
Maana sisi tulio wazima ndio tunaosema tano
huku kidole kikionyesha kumi na moja,
tangu utotoni, bila hata kuona haya.
Ubongo huu ulioumia umesahau,
au umechoka kutafsiri?

Miaka ishirini na sita alikata tiketi stesheni ya reli.
Ratiba ikisema kumi na nane na nusu,
yeye humwambia abiria, "Saa kumi na mbili na nusu, baba, usichelewe,"
na chenji ishahesabiwa.
Binti yake, Ndanu, ananieleza haya kwa sauti ya chini,
kama wakili ambaye hajalipwa.

"Mama, yale maneno matano niliyokupa?"
"Jembe. Pazia. Mhuri."
Ananitazama. Anatazama dirisha.
"Mengine umeyaficha wewe."

Nacheka, naye anacheka, kwa nusu ya mdomo.
Kicheko hicho hakina kisanduku.

Naandika: umakini, dhaifu. Kumbukumbu, tatu kati ya tano.
Pembeni, kwa herufi ndogo: saa, rudia Alhamisi,
muulize alikuwa anawaza nini.

Mlangoni anageuka, mkono wake mzima umeshika fremu.
Anaangalia saa ya ukutani, juu ya kichwa changu,
pale mshale mfupi umegusa moja.
"Saa saba hii, daktari," anasema. "Na hujala."

Wanaondoka. Nasikia fimbo, kisha ndara, kisha lifti.
Kisanduku cha tatu bado kitupu.
Mashine nje imenyamaza;
mafundi wameenda kula.