Mawe ya Serikali

Wiki tatu Mombasa. Majengo, nyuma ya duka la magodoro,
orofa ya nne, kitanda kimeshiba chumba.
Nikinyoosha mikono, kidole kimoja kinagusa ukuta
na kingine pazia.

Nyumbani Nakuru kuna ukumbi wa mazoezi,
mashine ya kukimbia bila kufika,
na mwalimu Chepng'eno asiyemhurumia hata mjane.
Daktari aliniandikia kwa wino mwekundu:
sukari inabisha hodi, usiifungulie.
Lakini kazi ni kazi. Mimi hukagua mizani,
za Marikiti, za Kongowea, za wauza nyama Mwembe Tayari,
ndiyo maana chini ya kitanda,
ndani ya sanduku lililotandikwa bafta,
yamelala mawe ya chuma: la kilo tano, la kumi, la ishirini.

Usiku wa kwanza yalinitazama.
Nami nikayatazama.
Sheria yasema usiyashike kwa mkono mtupu:
jasho ni chumvi, chumvi ni kutu,
na kutu ikililamba jiwe la serikali
muuza nyanya ataibiwa na mtu asiyemwibia.
Nikafunga sanduku, nikalala juu yake
kama mwenye njaa aliyepewa ghala alinde.

Alfajiri nikajaribu sakafu:
mikono chini, miguu kitandani, sita, saba,
ya nane godoro likateleza likanifuata.
Jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio.
Nikatoka. Joto la Februari lilikuwa limeamka kabla yangu,
limeoga, limevaa.
Nikakimbia kuelekea Makupa, shati limenigandia,
na vijana wa kuosha magari wakaniuliza
mwizi ameelekea wapi.

Siku ya nne mfereji wa juu ukakauka.
Ngazini nikamkuta Bi Mwanatumu, mfua mashuka,
mkono mmoja kiunoni, mwingine juu ya mtungi,
akiubembeleza kama mbuzi aliyegoma njiani.
Lita ishirini: kilo ishirini,
na gramu mia tisa za plastiki. Hilo halihitaji kukaguliwa.
Nikaubeba. Ngazi sitini na nane.
Nikarudia wa pili, wa tatu.
Wa sita, mapaja yakaniita kwa jina langu la utotoni.

"Wewe mwana wa bara, hizi ngazi zimekukosani?"
"Ni dawa, Bi."
"Basi kesho kuna mitungi kumi. Usikose dozi."

Hivyo nikapata mwalimu.
Hapigi filimbi, hahesabu.
Anakunja mashuka pale juu na kusema,
"Inua mgongo, hukubeba jeneza."
Na mtungi wa mwisho ukitua, sahani inatoka:
mahamri manne, mbaazi za nazi,
chai ambayo kijiko kinasimama ndani yake.
Nakataa. Ananikazia macho.
Nakula mawili.
Tuseme matatu.

Siku ya mwisho, Kongowea, kwa Ndoro wa viazi,
nikaipasisha mizani yake, nikaipiga muhuri.
"Panda basi," akasema, "tuone kama inasema kweli."
Nikavua viatu, nikapanda.
Themanini na tatu.
Zile zile nilizoshuka nazo kwenye treni.
Ndoro akauliza kama mashine imekwama.
Haijakwama. Nimeikagua mwenyewe,
na saini ni yangu.

Jioni nikayashusha mawe, moja moja, glavu mikononi.
Siku niliyofika nilitua kila orofa
nikijifanya nasoma namba za milango.
Leo nilisimama mara moja tu, orofa ya pili,
na hapo ni kumpisha Bi Mwanatumu
aliyekuwa akipanda na mtungi.