Gunia Hulipa

Kilo arobaini za mawe ya Hombolo.
Nilizipima mwenyewe kwa mizani ya zabibu,
ileile iliyonipunja Septemba.

Fundi Lechipya alichimbia nguzo mbili,
akafunga gia za baiskeli ya marehemu baba yake,
mnyororo, roda, na dinamo
aliyoing'oa kwenye redio iliyokufa.
Akasema: Mama Sechelela, vuta.
Nikavuta. Mishipa ya shingo ikanisimama.
Gunia likapanda hadi juu, likatulia
kama mtu aliyeficha neno.

Usiku wa kwanza jino la gia liliteleza.
Gunia likashuka lote kwa mpigo mmoja: puu!
Taa ikatoa jicho jeupe, ikafa.
Kuku wakaruka bandani.
Jasho langu lote likaishia kwenye kishimo
kisichotosha hata kupanda karanga.

Fundi hakucheka. Alikaa siku tatu na tupa,
anachonga jino, analipuliza, anachonga tena.
"Nguvu unayo, mama.
Kinachokosekana ni cha kuizuia."

Sasa linashuka na huwezi kuliona likishuka.
Unasikia tu: ka, ka, ka,
kama mbuzi anayecheua gizani.
Kila jino linaachia chembe,
na chembe zinakuwa mwanga mdogo wa manjano
juu ya daftari la Ndahani, hesabu za robo na thumuni,
basi. Ukitaka kuona sufuria, sogeza sufuria.
Nusu saa. Kisha linagusa ardhi,
na mtoto anaita bila kuinua uso: "Mama, gunia."

Nilichokikopesha kinarudi. Chote? Hapana,
kidogo huliwa na mnyororo, kidogo na ile kelele.
Lakini gunia halijawahi kuniambia njoo kesho.

Mnunuzi wa zabibu ameniambia njoo kesho
mara kumi na moja.
Jumatatu nilitaka nikamwangukie
kama usiku ule: puu, na kuku waruke.
Nikiwa mlangoni nikalisikia jino.

Nikasema mbukwa. Nikatoa stakabadhi zangu,
nikazisoma mbele ya vibarua wake,
kreti kwa kreti, tarehe kwa tarehe,
sauti ileile, haipandi, haishuki.
Kreti ya kwanza. Kreti ya pili.
Nilipofika ya kumi na tisa
alikuwa ameshaanza kutafuta kalamu.

Zilikuwa zimebaki thelathini na tatu.
Niliendelea kusoma.