Mnara Ulioinama

Zenon aliipanga safari kwa penseli
nyuma ya bili ya umeme:
saa nne na robo, kanisa; saa tano, ngome;
saa sita kasoro kumi, nyumba ya mnajimu;
saa saba supu, dakika thelathini.
Siku mbili, usiku mmoja, Toruń yote.
Miaka thelathini na mmoja nalala na mtu huyu
na bado ananipimia dakika za supu.

Treni kutoka Łódź ilichelewa.
Akalifuta kanisa, akalifuta taratibu,
kama mtu anayemwomba Mungu radhi kwa kifutio.

Matofali, matofali,
mekundu kama mikono ya dobi,
yamepangwa na watu wasiojua
kwamba tungekuja na viatu vipya vinavyobana.
Novemba. Mtoni ukungu umelala kifudifudi.
Msichana wa tiketi akatupa bei ya wazee
bila kutuuliza umri.
Zenon alinuna hadi kona ya pili,
kisha akahesabu chenji, akanyamaza.

Mbona hawakutuambia kwamba mji huu unanukia?
Asali, mdalasini, unga ulioungua pembeni.
Nilitembea mdomo wazi.

Halafu ule mnara.
Udongo chini yake ulikuwa laini, ukainama, basi.
Lakini nani anaridhika na sababu nyepesi?
Wanasema: bandika mgongo ukutani,
visigino viguse tofali,
nyoosha mikono mbele.
Mwenye uongo moyoni ataanguka.

Watoto wa shule walikuwa wakianguka kwa zamu.
Zenon akanikabidhi kofia, miwani na ile bili,
akasimama, akanyoosha mikono
kama mtu anayesubiri kupewa mtoto.
Moja, mbi...
nikamdaka kwa kola ya koti.

"Uongo gani?" nikamtania.
Akatazama viatu vyake.
"Keki yako ya mbegu za mpopi. Ya Krismasi.
Sijawahi kuipenda. Huwa naisukuma kwa chai."
Krismasi thelathini na moja!
Vipande viwili viwili,
na cha tatu nikimlazimisha!
Nilicheka mpaka njiwa wakahama paa.

"Zamu yako, Bogna."
Nikasema, goti.
Goti langu, unajua, na baridi hii.
Akanipa mkono, tukaondoka polepole,
yeye akilihurumia goti
lililokuwa zima kama la ndama.

Usiku tulilala juu ya duka la fundi saa.
Saa zake hazikupatana:
usiku wa manane ulipigwa mara tatu.
Yeye anakoroma. Mimi macho,
nawaza kopo la bati, rafu ya juu jikoni,
barua ya ukurasa mmoja kutoka Gdynia,
mwaka ambao Zenon alikuwa migodini
na theluji ilifika madirishani.
Sikuijibu. Wala sikuichoma.
Kati ya mambo hayo mawili
nimelea watoto, nimezika mama,
nimeoka keki isiyopendwa.

Asubuhi tukanunua mkate wa tangawizi,
umbo la moyo, mgumu kama kigae.
Zenon aliujaribu kwa jino la pembeni, akakunja uso.
"Msiule leo," akasema muuzaji,
mama mnene mwenye unga kwenye nyusi.
"Uwekeni koponi na ganda la tofaa.
Wiki tatu, labda nne. Una tabia yake."

Ile ngome hatukuiona. Nyumba ya mnajimu ilifungwa.
Kwenye bili, supu pekee ndiyo ina alama ya vema,
na pembeni ameandika: dakika sabini.

Kopo lenye mfuniko wa kubana nyumbani ni moja tu.
Nilisubiri ashuke kutupa taka,
nikaulaza moyo juu ya barua,
nikaongeza ganda la tofaa, nikakaza.

Tangu hapo, kila jioni,
Zenon huniuliza kutoka sebuleni,
macho yake kwenye gazeti:
"Umelainika?"

Nafungua. Nabonyeza kwa kidole.
"Bado," namjibu. "Bado kidogo."